Edward Saidi Tingatinga: Aliyegeuza rangi za baiskeli kuwa sanaa ya taifa

KWA Mtanzania wa kawaida, neno tingatinga lina maana mbili. Ya kwanza ni mtambo mkubwa wa kulimia au kusawazisha ardhi. Ya pili ni zile picha za rangi kali zenye chui, twiga, tembo na ndege wa kila aina, ambazo huning'inizwa katika maduka ya vinyago kuanzia Dar es Salaam, Zanzibar na Arusha hadi Nairobi na Mombasa.

Wengi wanaozinunua picha hizo, na hata baadhi ya wanaoziuza, hawajui kwamba maana hiyo ya pili ni jina la mtu. Mtu huyo alizaliwa katika familia ya wakulima maskini kusini mwa Tanzania, akachora kwa muda wa takriban miaka minne tu, kisha akafa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 40.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho siku hizi hujulikana kwa jina la Nakapanya, wilayani Tunduru, si mbali sana na mpaka wa Msumbiji. Baba yake, Saidi Tingatinga, alikuwa Mngindo. Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mmakua. Majina yake mawili ya kwanza yanaonyesha alivyokulia kati ya dini mbili, Edward likiwa ni la Kikristo na Saidi la Kiislamu, jambo ambalo halikuwa la ajabu katika familia nyingi za eneo hilo.

Tunduru ya wakati huo ilikuwa nchi ya misitu ya miombo na ya wanyamapori wengi. Upande wa kaskazini ulitanda msitu mkubwa wa Selous, na upande wa kusini ulipita mto Ruvuma. Kwa mtoto wa mkulima wa huko, tembo hakuwa kitu cha kutalii bali mharibifu wa shamba, na chui alikuwa adui wa mbuzi na kuku. Wanyama hao ndio waliokuja kujaza picha zake miongo kadhaa baadaye, mbali sana na kijiji chake.

Elimu yake ya darasani haikwenda mbali. Kama vijana wengi wa kusini ambako barabara zilikuwa mbovu na kazi za mshahara hazikuwapo, naye alilazimika kuondoka kwao kutafuta riziki. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Mkonge ulikuwa ndio uti wa mgongo wa uchumi wa Tanganyika wakati huo, na nchi ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Lakini utajiri wake ulitegemea migongo ya manamba, vijana walioletwa kutoka mikoa ya mbali kukata majani yenye miiba kuanzia alfajiri na kulala kambini. Katika maisha hayo Tingatinga hakuwa na nafasi ya kufikiria brashi wala rangi.

Mwaka 1959 aliwafuata ndugu zake Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya nyumbani kwa ofisa mmoja wa Kiingereza, kazi ambayo ilimwezesha kuishi karibu na vitongoji vya Msasani na Oyster Bay, walikokaa Wazungu wa serikali ya kikoloni. Tanganyika ilipopata Uhuru Desemba 9, 1961, maofisa wengi wa namna hiyo walifunga mizigo yao, na kwa wapishi, madobi na watunza bustani wao, furaha ya Uhuru ilikuja pamoja na barua ya kuachishwa kazi. Mwajiri wa Tingatinga naye aliondoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubangaiza. Alifanya vibarua vya hapa na pale na pia alikuwa mwanamuziki, akipiga ngoma za kwao katika mikusanyiko ya watu wa kusini waliohamia jijini. Hapakuwa na dalili yoyote kwamba mtu huyo angeacha jina katika historia ya sanaa.

Hata hivyo, mitaa ya Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na mambo mawili yaliyokuja kubadili maisha yake. La kwanza lilikuwa sanaa ya vinyago vya Wamakonde, ambayo ilikwisha kupata wateja wengi wa kigeni na kuthibitisha kwamba mtu asiyesoma shule ya sanaa anaweza kuishi kwa kazi ya mikono yake. La pili lilikuwa wachoraji kutoka Kongo, ambao walipita wakiuza picha zao kwa wageni na kupata fedha.

Inaelezwa kwamba Tingatinga aliziangalia picha hizo za Wakongo na kujiridhisha kwamba naye angeweza kuchora, tena kwa namna yake mwenyewe. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alianza.

Mazingira ya sanaa ya uchoraji nchini wakati huo hayakuwa na nafasi ya wazi kwa mtu kama yeye. Uchoraji ulikuwa ni kazi ya wasomi wachache. Mfano wao mashuhuri alikuwa Sam Ntiro, aliyesoma na kufundisha Makerere nchini Uganda, na ambaye pia aliiwakilisha Tanganyika kama balozi mjini London baada ya Uhuru. Tingatinga hakuwa na shahada, hakuwa na mwalimu, wala hakuwa na fedha za kununulia turubai na rangi za kisanii zilizoagizwa kutoka nje.

Alichofanya ni kutumia vitu vilivyokuwapo dukani kwa mahitaji mengine kabisa. Badala ya turubai alinunua silingibodi, zile mbao laini na nyembamba zinazotumika kufunika dari za nyumba. Badala ya rangi za wasanii alinunua makopo ya rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo mafundi waliitumia kupaka baiskeli, milango na madirisha.

Uamuzi huo, uliotokana na umaskini, ndio uliozaa sura ya sanaa yenyewe. Ubao mmoja wa futi nne kwa futi nane ukikatwa vizuri hutoa vipande vinane vya futi mbili kwa futi mbili bila kubakiza hata kipande cha kutupa. Ndiyo maana picha nyingi za mwanzo ni za mraba, zenye upande wa takriban sentimita 60. Kilichoamua umbo la picha kilikuwa ni hesabu ya seremala.

Rangi nayo ilikuwa na masharti yake. Rangi ya mafuta ya baiskeli haichanganyiki kirahisi juu ya ubao kama zile za wasanii, na ikiguswa kabla ya kukauka huchafuka. Kwa hiyo ilimbidi mchoraji apake kwanza sehemu yote ya nyuma kwa rangi moja au mbili, aache ikauke, ndipo aweke umbo la mnyama juu yake. Likishakauka umbo hilo, hufuata madoa, mistari, manyoya na macho, kila rangi ikiwekwa peke yake jinsi ilivyotoka kwenye kopo.

Matokeo yake ni picha zenye mipaka iliyo wazi, zisizo na kivuli wala umbali, zinazong'aa kama baiskeli mpya. Chui wa Tingatinga hajifichi katika nyasi. Amesimama mbele kabisa, madoa yake yamehesabika, na macho yake mawili yanamtazama anayemtazama. Ndege wake wana manyoya ya rangi ambazo huenda hazipo katika ndege yeyote wa porini, lakini mtu akiwaona hutabasamu.

Hapa ni vyema kutofautisha kazi zake mwenyewe na zile zinazouzwa leo kwa jina lake. Picha za Tingatinga mwenyewe ni tulivu. Mara nyingi zina mnyama mmoja tu, au ndege wachache juu ya mti, na nafasi kubwa iliyoachwa wazi kuwazunguka. Zile picha zilizojaa wanyama wengi hadi pembeni, zenye mandhari inayofifia kutoka rangi ya giza hadi ya mwanga, ni maendeleo yaliyoletwa na waliomfuata.

Soko lake la kwanza lilikuwa pale Morogoro Stores, eneo la maduka huko Oyster Bay, ambako wageni walifika kununua mahitaji yao ya nyumbani. Picha zilipangwa chini ya mti, na wateja wakubwa walikuwa wataalamu wa kigeni, hasa wale kutoka nchi za Skandinavia, waliokuja kwa wingi kusaidia miradi ya maendeleo katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mtaa ule ule uliompokea kama mtumishi wa nyumbani, sasa ulimpokea kama mwenye mali.

Mwaka 1970 alioa. Mkewe, Agatha, alikuwa mshirika katika biashara hiyo, akikaa na picha na kuziuza wakati mume akiwa na shughuli nyingine. Walijaliwa watoto wawili, Daudi na Martina.

Pamoja na picha kununuliwa, Tingatinga hakuacha kutafuta ajira ya uhakika, na katika miaka hiyo ya mwisho alikuwa pia mfanyakazi wa ngazi ya chini katika Hospitali ya Muhimbili. Aliendelea kuchora katika muda uliobaki. Shirika la umma lililoshughulikia sanaa, National Arts of Tanzania, nalo lilianza kununua kazi zake na kuziuza, hatua iliyompa hadhi ambayo mchoraji wa chini ya mti hakuwa nayo kabla ya hapo.

Wateja walipoongezeka, mikono yake miwili haikutosha. Akawaita vijana wa ukoo wake na wa kwao kusini wajifunze. Wanaotajwa zaidi kuwa wanafunzi wake wa mwanzo ni Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia na Omari Amonde. Hakukuwa na ada wala cheti. Kijana alianza kwa kupaka rangi ya nyuma, akaendelea kwa kujaza umbo lililochorwa na mkubwa wake, na mwisho akapewa ubao wake mwenyewe.

Utaratibu huo haukuwa mgeni kwa watu wa kusini. Ndivyo mtoto alivyojifunza kuchonga, kusuka mikeka au kuwinda. Lakini ndio uliokuja kuiokoa sanaa hiyo, kwa sababu mwalimu hakupewa muda mrefu wa kuishi.

Mwaka 1972, akiwa Dar es Salaam pamoja na wenzake ndani ya gari, Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliodhani kwamba waliokuwamo ni wahalifu waliokuwa wakikimbia. Alikufa kwa makosa, bila ya kuwa na hatia yoyote. Alimwacha mjane kijana na watoto wawili wadogo, pamoja na kundi la vijana ambao walikuwa bado wanajifunza kushika brashi.

Mtu angetarajia kwamba habari zake zingeishia hapo. Hakuwa ameandika kitabu wala kufungua shule, na kazi zake nyingi zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari katika masanduku ya wataalamu waliomaliza mikataba yao. Wakati huo nchini mwake mwenyewe zilibaki chache.

Vijana wale hata hivyo hawakutawanyika. Walirudi pale pale Morogoro Stores, chini ya mti ule ule, wakaendelea kuchora, na kila mmoja akaleta ndugu na jamaa. Mwaka 1974, miaka miwili baada ya kifo cha mwanzilishi, picha za mtindo huo zilionyeshwa Copenhagen nchini Denmark. Mwaka 1990 wachoraji hao walijiunga rasmi katika ushirika uliobeba jina la marehemu, Tingatinga Arts Co-operative Society.

Tangu hapo mtindo huo umekwenda mbali. Umependwa sana Japani, umeonyeshwa katika makumbusho ya Ulaya, na mwaka 2010 ulitumika katika mfululizo wa katuni za watoto ulioitwa Tinga Tinga Tales, ambao michoro yake ilitengenezwa Nairobi na kuonyeshwa katika televisheni za Uingereza na nchi nyingine. Mamilioni ya watoto waliwafahamu tembo na nyani wa rangi hizo bila ya kujua kwamba vilianzia kwenye kopo la rangi ya baiskeli.

Mafanikio hayo ndiyo yanayoibua suala ambalo halijapata jibu la kuridhisha. Ni nani mwenye jina la Tingatinga? Ni watoto wake wa damu, au ni wanafunzi na wajukuu wa wanafunzi wake walioibeba sanaa hiyo kwa zaidi ya nusu karne, au ni taifa zima linalojitambulisha nayo mbele ya watalii?

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi ya sanaa katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, ulinzi wa picha za Tingatinga mwenyewe ulifikia ukomo mwishoni mwa mwaka 2022. Tena kinacholindwa ni picha mahsusi, si mtindo. Yeyote anayeweza kuchora twiga mwenye madoa ya rangi ya chungwa juu ya ubao wa bluu anaruhusiwa kufanya hivyo, na akitaka kuiita kazi yake tingatinga, ni vigumu kumzuia.

Kwa upande mmoja, uhuru huo umekuwa baraka. Mamia ya vijana ambao hawakuwa na elimu wala mtaji wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Kama mwanzilishi angeificha siri yake, au warithi wake wangeifungia, huenda sanaa yenyewe ingekufa pamoja naye mwaka ule wa 1972.

Kwa upande mwingine, umezaa hasara. Picha zake halisi zilipoanza kuuzwa kwa maelfu ya dola katika minada ya nje, walijitokeza watu waliochora picha mpya, wakazichakaza makusudi na kuziwekea sahihi ya E.S. Tingatinga. Madukani nako, msukumo wa kuuza haraka na kwa bei ya chini umewafanya wengi wanakili picha moja mara mia, wakati mwanzilishi alianza kwa kukataa kuwaiga Wakongo aliowaona.

Familia yake haikupata utajiri kutokana na jina hilo. Mwanawe Daudi aliingia katika uchoraji na kufuata nyayo za baba yake, akiwa mmoja kati ya wengi wanaotumia mtindo ambao dunia nzima huuita kwa jina la ukoo wake. Kila picha iliyouzwa kwa jina hilo ilitangaza jina la baba yake, lakini si kila picha ilileta chakula nyumbani kwao.

Wapo waliowahi kuidharau sanaa hii kwa hoja kwamba ilizaliwa kwa ajili ya macho ya Wazungu, na kwamba haina mafunzo wala fikra. Ni kweli kwamba wateja wake wa kwanza walikuwa wageni. Lakini hoja hiyo inasahau kwamba mchoraji hakwenda kuwauliza wageni wampe wanyama wa kuchora. Wanyama alikuja nao kutoka Tunduru. Alichokipata Oyster Bay ni mnunuzi tu.

Inasahau pia furaha iliyomo ndani yake. Mtu aliyekata mkonge kama manamba, akatumikia nyumba za watu, akakosa kazi kwa miaka, angeweza kuchora uchungu na hakuna ambaye angemshangaa. Yeye alichagua kuchora ndege wakiimba na chui mwenye uso wa mshangao, kwa rangi nyekundu, njano na kijani zilizokuwa kwenye makopo aliyomudu kuyanunua.

Edward Saidi Tingatinga aliishi miaka 40, na kati ya hiyo alikuwa mchoraji kwa miaka minne. Zaidi ya nusu karne imepita tangu alipopigwa risasi, na mtindo aliouanzisha umekwisha kupokewa na kizazi cha tatu cha wachoraji. Jambo dogo ambalo wanaopita mbele ya maduka ya vinyago wanaweza kumfanyia ni kukumbuka kwamba, kabla ya kuwa jina la picha, Tingatinga lilikuwa jina la mtu.